Kavira Niliyemwandika Mwenyewe

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie kuhusu mafanikio yangu katika kazi ya kompyuta. Nilimwambia mafanikio yangu yanaenea nyuma ya tiketi ya basi, na nafasi inabaki. Makosa ndiyo ninayo ya kutosha. Basi nawaandikia kosa moja. Asipolipenda alichane, mimi nimeshastaafu, sina cheo cha kunyang'anywa.

Naitwa Thembo. Wakonzo miongoni mwenu mmeshajua kwamba nina kaka wanne, hata kabla sijasema. Wengine, ninyi watoto wa kambi za jeshi na ninyi mliotoka Beni na Butembo, tulieni, nitawaeleza mahali pake. Nilisoma mpaka kidato cha sita, basi. Vitabu vya mashine nilivisoma kwa shida, kamusi pembeni, nikirudia ukurasa mmoja mara nne. Sioni haya kusema hivyo. Nimeona wenye digrii wakifanya lile lile nililofanya mimi, tena kwa haraka zaidi.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutunza hifadhidata, na hasa kuzifufua zinapoharibika. Nilifanya kazi Bugoye, mahali umeme unapozaliwa, na huko ndiko nilikokaa gizani kuliko popote. Ibanda nilikuta siafu wamehamia ndani ya seva na familia yao yote. Katwe, kando ya ziwa la chumvi, nilifungua mashine nikaona chumvi imekula vyuma vya ndani kama inavyokula baiskeli. Mteja akaniuliza, "Itapona?" Nikamwambia, "Mzee, hii tuzike tu."

Mwalimu wangu hakuwa na cheti chochote. Alikuwa Afande Opio, mwanajeshi wa redio aliyetoka kaskazini, akastaafu, akabaki Kasese kwa sababu alioa hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo la kwanza: hifadhidata ikianguka, usiiguse. Usiizime na kuiwasha. Usijaribu dawa. Kwanza nakili mafaili yote, na lile la kumbukumbu za mabadiliko pia, uyapeleke kwenye diski nyingine. Halafu tibu nakala, siyo mgonjwa.

"Wewe, kopi iko wapi?" alikuwa ananiuliza.

"Bado, Afande."

"Basi toa mikono. Mikono nyuma."

Na kweli nilisimama mikono nyuma kama mfungwa, dakika arobaini, mpaka kunakili kukaisha. Wateja walicheka. Afande hakucheka. Alikuwa anasema mtu mwenye hofu ana mikono mirefu.

Sasa lile kosa.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa Bwera, kwenye ofisi moja iliyopokea watu wanaovuka kutoka Congo. Sitaitaja jina. Afande naye alikuwa pale, lakini kama mlinzi wa mlango, kwa sababu macho yalishamwisha na hakuweza tena kusoma kioo cha kompyuta. Kila familia iliyovuka ilipewa kadi yenye namba. Ndani ya mashine kulikuwa na jedwali la kadi, jedwali la watu, na jedwali la chanjo. Majedwali hayo hushikana kwa namba. Mtu ana namba yake, na chanjo inasema "namba hii alichomwa sindano siku hii." Namba ya mtu ikipotea, chanjo inabaki imeshika mkono wa hewa.

Jumamosi moja rafiki yangu alikuwa anamwoza binti yake, na umeme wa Bwera mnaujua. Akaniomba betri ya akiba ya seva, ile tunayoiita yupiesi, ili kinanda cha kwaya kisizimike katikati ya misa. Nikampa. Nikasema ni kwa muda wa saa tatu tu. Kinanda hakikuzimika, harusi ilikuwa nzuri, nilikula vizuri. Umeme ulikatika alasiri, makarani wakiwa bado wanaandikisha watu, na seva ikafa ikiwa na kalamu mkononi.

Jumatatu jedwali la watu halikufunguka. Mashine huhifadhi majedwali kwa kurasa, na kila ukurasa una namba ya kuuhakiki. Kurasa kadhaa zilikuwa zimeandikwa nusu, namba zake hazikulingana na yaliyomo. Hapo ndipo mikono inapotakiwa kwenda nyuma. Yangu ilikwenda mbele. Mkuu wa ofisi alikuwa anakuja kutoka Kampala siku ile, na mimi sikutaka ajue habari ya betri. Nikaendesha amri ya ukarabati, ile inayokuonya kwamba inaweza kupoteza data, juu ya faili halisi, bila nakala.

Ilifanya kazi yake kwa dakika sita. Mwishoni ikaandika: makosa sifuri.

Mkuu alipofika nikamwonyesha hilo neno. Akafurahi, akalipiga picha.

Vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine. Amri ile haijui watu. Inajua kurasa. Kazi yake ni kuhakikisha kurasa zinafuatana na namba zinalingana, na njia yake fupi ni kung'oa kila ukurasa mbovu na kuutupa na vyote vilivyomo. Makosa yalikuwa sifuri kwa sababu waliokuwa na makosa hawakuwepo tena.

Nikakimbilia bakapu. Kila Ijumaa mashine ilikuwa inajinakili yenyewe kwenye diski ya nje, na kila Ijumaa nilikuwa natazama jina la faili na tarehe yake, naridhika, naenda nyumbani. Sikuwahi hata siku moja kuirudisha kwenye mashine nyingine nione kama inafunguka. Diski ilikuwa imejaa tangu wiki nyingi. Mafaili yalikuwa na majina mazuri na ndani hamna kitu. Siku hizi mnaniambia, "Mzee, kila kitu kiko kwenye wingu." Sawa. Na wingu nalo, umewahi kulirudisha chini ukaona kama linanyesha? Kama hujawahi, huna bakapu. Una matumaini.

Nilichobaki nacho ni jedwali la chanjo. Humo nilipata namba za watu ambao jedwali la watu halikuwajua tena. Nilizinakili kwenye daftari, moja moja. Kila namba ilikuwa na namba ya kadi, jinsia na umri. Jina halikuwepo.

Hapo ndipo Ukonzo wangu uliponiingiza shimoni. Kwetu, na kwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza wa mama ni Masika. Wa pili sisi tunamwita Biira, ng'ambo ni Kavira. Wa tatu ni Kabugho au Kavugho, wa nne ni Mbambu. Wavulana vivyo hivyo. Mimi Thembo ni wa tano. Kwa hiyo nikitazama kadi yenye Masika wa miaka minane na Kavugho wa miaka mitatu, na jedwali la chanjo linaniambia palikuwa na msichana wa miaka mitano, nahitaji kumuuliza nani? Ni Kavira. Hata bibi yangu asiyejua kusoma angejibu.

Niliziba mashimo kwa siku mbili, na nitawaambia ukweli, niliona raha. Nilijiona fundi kuliko mafundi wote. Programu ya wazungu ilikuwa imeshindwa, mimi nafufua watu kwa mila ya mlimani kwetu. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo chafu. Familia zote zilikuwa uani, hatua hamsini kutoka mezani kwangu. Ningeweza kutoka na daftari nikauliza. Sikutoka, kwa sababu nikiuliza ingejulikana kwamba nimeharibu.

Jumanne, katikati ya kazi hiyo, aliingia mwanamke mmoja, gauni limepauka, miguu ina vumbi la njia.

"Natafuta mutoto yangu," akasema. "Musichana. Tulipoteana ku muto, watu walikuwa wengi. Anaitwa Mbambu. Iko na miaka tano."

Nikaandika jina na umri, nikabonyeza. "Hayupo, mama."

"Tafuta tena."

Nikabonyeza tena, kwa nguvu, ili aone nimebonyeza. "Mashine inasema sifuri."

Akaitazama ile mashine. "Mashine inamujua?"

Nikakohoa. Akasema alikuwa amepata kibarua Katwe, kuchota chumvi, na tukimpata mtoto tumwite huko. Uani wasio na kadi hawakuruhusiwa kuingia, akaondoka. Nami nikarudi kuziba mashimo.

Jumatano orodha ilisomwa uani, maana Alhamisi asubuhi mabasi yalikuwa yanawapeleka watu kwenye makazi ya mbali, safari ya siku nzima. Niliisoma mimi, kwa sauti, kwa fahari.

"Masika."

"Iko," akaitika msichana wa miaka minane.

"Kavira."

Mama yake, tuliyezoea kumwita Mama Masika, akasimama taratibu. "Nani ameita Kavira?"

"Ni mimi, mama. Kavira wako, huyu wa miaka mitano."

"Kavira yangu nilimuzika kule Butembo," akasema. "Wewe umemutoa wapi?"

Jina la aliyekufa halihamii kwa mwingine. Linabaki kwenye nafasi yake, na anayefuata anachukua lake. Nililijua hilo tangu utotoni. Nina dada ninayemjua kwa jina tu. Na bado, siku mbili nzima, halikuniingia akilini kwamba pengo katikati ya majina linaweza kuwa kaburi.

Mama Masika akamvuta mtoto aliyekuwa nyuma yake. "Huyu haiko wangu. Nilimubeba tu ku muto, mama yake alipotelea mu watu. Siku ya kwanza niliwaambia. Mukaandika."

Tuliandika kweli. Karani aliandika maelezo yote kwenye mstari wa mtoto, na mstari ule ulikuwa kwenye ukurasa niliouacha ung'olewe.

Nikachuchumaa nikamuuliza mtoto jina lake. Akaniambia bila kusita, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Mbambu.

Hapo niliona nilichofanya. Ningeacha ile sehemu tupu, yule mama alipokuja Jumanne ningeona: hapa kuna msichana wa miaka mitano asiye na jina, ngoja tumwite. Shimo lingempokea. Mimi nilikuwa nimelifunika kwa jina la marehemu, nikalisawazisha, na mama mtu akapita juu yake asijue.

Nikaenda kwa mkuu. Nilimwambia yote: betri, harusi, amri, bakapu, majina ya kubahatisha. Alinisikiliza akiwa anatazama simu.

"Mzee Thembo, ssebo, orodha imeshasainiwa. Watarekebisha wakifika huko."

"Huko ni mbali, mkuu. Mama yake yuko Katwe."

"Wewe mwenyewe ulinionyesha makosa ni sifuri. Nina picha."

"Maiti naye hana homa, mkuu."

Hakuipenda. Akasema nikigusa orodha iliyosainiwa nitafute kazi nyingine. Nilikuwa na umri wa kutafuta fimbo, siyo kazi. Nikarudi mezani, nikafungua daftari, nikafuta kwenye mashine kila jina nililolitunga, moja baada ya jingine, nikaacha sehemu zake tupu. Safari hii nilinakili kwanza. Halafu nikatoka uani na daftari, nikafanya lile nililopaswa kufanya Jumatatu. Niliwaambia watu kwamba nimepoteza majina ya watoto wao na kuandika ya uongo, wanisaidie. Wengine walinitukana kwa Kinande, na Kinande nakielewa vizuri. Lakini walitaja. Karibu nusu ya majina niliyobuni yalikuwa sahihi. Nusu. Fikirieni fundi wa breki anayejisifu kwa nusu.

Alhamisi alfajiri nilimkuta Afande langoni.

"Afande, basi la kwanza lisitoke mpaka nirudi kutoka Katwe."

"Amri ya nani?"

"Yangu."

"Wewe huna amri."

"Najua."

"Makosa ni ya nani?"

"Yangu, Afande."

"Sawa. Nenda. Usirudi mikono mitupu."

Nilikodi bodaboda. Katwe nilimkuta yule mama ndani ya maji ya chumvi hadi magotini, anavuta tope la chumvi pamoja na wanawake wengine. Alinitambua.

"Wewe ni ule wa mashine."

"Ni mimi, mama. Mtoto yupo. Nilikuambia hayupo, kumbe yupo."

Hakupiga kelele. Alitoka majini, akachukua ndala zake mkononi, akapanda bodaboda kati yangu na dereva. Pale Kikorongo, barabara inapopinda kuelekea Bwera, akageuza kichwa.

"Kwa nini ulisema hayupo?"

"Nilikuwa nimeandika jina la mtoto mwingine juu yake."

"Ulimuona, huyo mutoto mwingine?"

"Hapana."

"Basi utaandika tena, na mimi niko naangalia."

Tulipofika, mabasi mawili yalikuwa yananguruma na basi la kwanza halijasogea hata kidogo. Afande alikuwa amesimama mlangoni mwa basi hilo na orodha usoni, karibu iguse pua, akisoma kila jina herufi kwa herufi. Kila aliyepanda alimshusha, akahakiki kadi, akampandisha tena. Dereva alikuwa anamwomba.

"Afande, twende sasa. Huoni hata herufi moja."

"Ndiyo maana naenda pole pole," Afande akajibu. "Ninyi mnaoona vizuri mmeharibu."

Mkuu alikuwa pembeni, mikono kiunoni. Alipotuona tunashuka kwenye bodaboda alifungua mdomo, kisha akamwona mtoto. Mbambu alikuwa ameshaketi dirishani karibu na Mama Masika. Alitoka ndani ya lile basi akipita juu ya mizigo na magoti ya watu, na hakuna aliyemzuia. Mama yake hakumkimbilia. Aliketi chini pale pale kwenye changarawe, miguu ikiwa myeupe kwa chumvi, akamngoja amfikie.

Baadaye aliingia ofisini na mtoto mgongoni. Akasimama nyuma ya kiti changu. Niliandika jina la mtoto, akaniambia nisome. Nikasoma. Akasema niandike na la kwake, pembeni, na mahali walipopoteana, na jina la mwanamke aliyembeba. Nilipomaliza akaniambia nisome yote tena, kisha akamuuliza mtoto kama mzee amesema sawa.

Barua yangu ya kuachishwa kazi ilifika wiki iliyofuata. Ilisema nimebadilisha orodha iliyosainiwa bila idhini. Ni kweli, niliibadilisha. Ninayo nyumbani, na anayetaka kuisoma aje Kasese nitampa chai. Kinachonikosesha raha hakimo ndani ya barua ile. Haikutaja betri, wala amri ya Jumatatu, wala yule mama niliyembonyezea sifuri mara mbili. Kwa hayo hakuna aliyeniadhibu, ndiyo maana nayataja mimi.

Katika namba zote za daftari, mbili hazikupata jina. Watoto wawili waliochanjwa, na kadi zao zilikuwa za watu walioondoka kabla ya mvua ile ya maswali yangu. Nimeuliza soko la Mpondwe siku nyingi za gulio, nimeuliza na parokiani. Sijapata.

Juzi kijana aliyechukua kiti changu alinipigia simu. Ni mpole, amesoma, ananiita baba.

"Baba, zile nafasi mbili uliziacha tupu. Wameleta mfumo mpya na haukubali jina kuwa tupu. Niandike nini?"

"Usiandike kitu."

"Lakini mashine inakataa kuendelea."

"Basi rekebisha mashine," nikamwambia. "Watoto waache walivyo."